Herufi za Mapambo au Herufi za Kutangazia? Uhakiki wa Istilahi na Madhara Yake

Miezi michache iliyopita tulifika katika zahanati moja ya wilayani kwa shughuli isiyohusiana na lugha. Ukutani palikuwa na bango la kuwaarifu wazazi tarehe ya chanjo ya watoto. Rangi za bango hilo zilipendeza, na karatasi yake ilikuwa imara. Lakini maneno yake yalikuwa yamepangwa kwa herufi zilizojisokota kama mizizi ya mtambaazi, za namna ile tuliyozoea kuiona katika kadi za harusi. Muuguzi alitueleza kwamba baadhi ya akina mama waliisoma tarehe 11 kuwa 17, wakafika na watoto mgongoni siku sita baada ya chanjo kwisha.

Tulifuatilia jambo hilo hadi kwa karani aliyeagiza bango. Alitujibu kwa unyofu kwamba hakuchagua kwa kupenda kwake. Alikuwa na orodha ya istilahi za uchapaji, na orodha hiyo ilisema kwamba herufi zinazotumika katika mabango na vichwa vya habari huitwa “herufi za mapambo”. Basi akamwandikia mpiga chapa ampangie bango kwa herufi za mapambo, na mpiga chapa akafanya kama alivyoagizwa. Hatuna budi kukiri mapema kwamba orodha hiyo ilipita mezani petu ilipokuwa rasimu, nasi hatukuiona kasoro yake.

Makala hii ni uhakiki wa istilahi hiyo, pamoja na nyingine iliyo nduguye, yaani “herufi za Kiafrika”. Hoja yetu ni moja: aina ya herufi iitwe kwa kazi inayoifanya, isiitwe kwa urembo iliovikwa wala kwa bara inalodaiwa kuliwakilisha. Istilahi mbaya haiishii kamusini. Huenda hadi kwa karani, ikaenda kwa mpiga chapa, ikatua ukutani mwa zahanati.

Dhana yenyewe

Yafaa kwanza tuitenge dhana kabla ya kuihukumu istilahi. Katika kazi ya upigaji chapa, herufi hugawanyika katika makundi mawili kwa jinsi zinavyotumika. Kundi la kwanza ni la herufi za kupangia matini ndefu: vitabu, magazeti, sheria na ripoti. Sifa njema ya herufi hizi ni kutojitia mbele. Msomaji wa kitabu cha kurasa 300 akianza kuzitazama herufi badala ya kuifuata habari, basi herufi hizo zimeshindwa. Kundi la pili ni la herufi za maneno machache yanayotakiwa kuonwa kwa mbali, au kwa haraka, au na mtu ambaye hakukusudia kusoma: kichwa cha habari, jalada la kitabu, bango, kibao cha duka, maandishi ya kopo la bidhaa. Hizi zinatakiwa kujitia mbele, maana ndiyo kazi yake.

Hadi mwisho wa karne ya 18, wapiga chapa wa Ulaya hawakuyatenga sana makundi haya mawili. Walipotaka kichwa kikubwa, aghalabu walichukua maumbo ya herufi za kitabu wakayakuza. Lakini viwanda vilipoongezeka nchini Uingereza, biashara ikapanuka, na kuta za miji zikajaa matangazo ya bidhaa, ya michezo ya kuigiza na ya bahati nasibu, herufi za kitabu zilionekana nyembamba mno kwa kazi hiyo. Ndipo viwanda vya London vya kusubu herufi vikaanza kutoa maumbo mapya. Katika miaka ya 1810, Vincent Figgins alitoa herufi zenye vikia vinene vya pembe nne, na hapa kwa vikia twakusudia vile vistari vidogo vinavyofunga ncha za herufi. Mnamo mwaka 1816, William Caslon wa Nne alitoa sampuli ya herufi zisizo na vikia hata kidogo. Mwaka 1827, Darius Wells wa New York alibuni mashine ya kuchongea herufi kubwa za mbao, kwa kuwa herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito, ghali, na ngumu kusubiwa zikatoka sawasawa. Tangu hapo bango kubwa la ukutani likawa kazi ya kawaida.

Msomaji atazame jinsi mambo yalivyokwenda. Figgins alinenepesha. Caslon alipunguza, akaondoa hata kile kidogo kilichokuwapo. Wells alibadili mti na mashine. Hakuna kati yao aliyeanza kwa kupamba. Mapambo yalikuwapo pia, na yalikithiri katika karne ya 19: herufi zenye vivuli, herufi zenye maua tumboni, herufi zilizochorwa sura za watu na wanyama. Lakini hayo yalikuwa tawi mojawapo la mti huo. Mwaka 1916 mwandishi wa hati Edward Johnston alisanifu herufi za kutumika katika reli za chini ya ardhi za London. Hazina ua, hazina kivuli, hazina kikia, nazo zimewaelekeza abiria kwa zaidi ya miaka 100. Mtu akiziita herufi hizo “za mapambo”, atakuwa amesema kinyume cha ukweli.

Kosa la “mapambo”

Kwa hiyo kosa la istilahi ya kwanza ni kuliita zima kwa jina la sehemu. Kila herufi iliyopambwa inaweza kutumika kutangazia, japokuwa si kila mara kwa mafanikio. Lakini si kila herufi ya kutangazia imepambwa.

Kosa hilo laonekana pia tukiipima maana ya neno pambo kwa Kiswahili. Pambo ni kitu kinachoongezwa ili kutia uzuri; likiondolewa, kilichopambwa hubaki. Bibi harusi akivua vito hubaki kuwa bibi harusi. Sivyo ilivyo kwa unene wa herufi ya bango, wala kwa upana wake, wala kwa nafasi iliyo baina yake na jirani yake. Ukiviondoa hivyo, herufi haionekani tena kutoka ng'ambo ya barabara, na kazi yake imekwisha. Sifa ambayo kazi haiwezekani bila hiyo haiwezi kuitwa pambo.

Tena, twaamini kwamba istilahi hii inapingana na ujuzi ambao jamii yetu ilikuwa nao kabla ya sisi kuketi ofisini kubuni majina. Waandishi wa kale wa pwani, walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walirithi mapokeo yanayotenga hati ya naskhi, inayofaa matini, na hati ya thuluthi, inayofaa vichwa na maandishi ya majengo. Kila hati ilikuwa na jina lake, na kila mwandishi alijua mahali pake. Hawakuigawa elimu hiyo katika hati ya pambo na hati isiyo ya pambo.

Mfano ulio karibu zaidi ni kanga. Hakuna nguo katika mwambao wetu iliyojaa mapambo kuliko hiyo. Pindo limepambwa, mji umepambwa, pembe nne zimepambwa. Lakini jina la kanga, yaani yale maneno yanayoisemesha, kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, zisizo na ua wala kivuli, katika nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili yake. Fundi wa kanga anajua kwamba jina limekusudiwa kusomwa na jirani aliye upande wa pili wa uani. Jina lisilosomeka si jina, na mwenye kanga amepoteza fedha zake. Kwa hiyo pambo huwekwa pembeni ya neno, na neno lenyewe huachwa liseme. Twaona kwamba katika jambo hili fundi wa kanga alikuwa mbele ya orodha yetu ya istilahi.

Hatusemi kwamba herufi zilizopambwa hazina mahali. Kadi ya harusi huletwa mkononi, husomwa kwa utulivu, na habari zake mpokeaji huwa amekwisha kuzisikia. Tangazo la tamasha la ngoma laweza kuvumilia herufi yenye madaha, mradi mahali na saa vimeandikwa kwa herufi nyingine iliyo wazi. Mchoraji wa daladala anapolitia jina la gari kivuli cha rangi mbili, anafanya kazi halali ya sanaa, maana jina hilo linakusudiwa kutambulikana kwa sura yake yote pamoja, na abiria hahitaji kulisoma silabi kwa silabi. Kinachopingwa hapa ni istilahi inayomfanya karani adhani kwamba bango lolote, hata la chanjo, ni lazima lipambwe.

Kosa la “herufi za Kiafrika”

Istilahi ya pili ina madhara ya namna nyingine. Katika orodha za fonti zinazouzwa au kugawiwa kwa matumizi ya kompyuta, msanifu hukuta fungu linaloitwa la herufi za Kiafrika. Watafsiri wametuletea jina hilo mara kadhaa wakiomba lithibitishwe. Tumelikataa, na ni haki yao kuelezwa sababu.

Katika herufi zilizopata kubebeshwa jina hilo, iliyo maarufu kuliko zote ni Neuland, ama yenyewe ama kwa maigizo yake mengi. Neuland ni kazi ya Rudolf Koch, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1876 na kufariki mwaka 1934. Aliitoa mwaka 1923 kwa ajili ya kiwanda cha Klingspor, mjini Offenbach. Hakuichora kwanza katika karatasi kama ilivyokuwa desturi. Aliichonga moja kwa moja katika chuma kwa mkono wake, na kwa sababu hiyo maumbo yalitofautiana kidogo kutoka ukubwa mmoja hadi mwingine. Ni herufi nzito, zenye kingo zinazoonyesha mkato wa patasi, nazo zote ni herufi kubwa. Herufi ndogo hazikuwamo. Koch alikuwa Mkristo mwenye bidii, na sehemu kubwa ya kazi zake ilihusu maandiko ya dini yake. Jina la herufi hizo kwa Kijerumani lina maana ya ardhi mpya. Katika habari hizi zote, Afrika haimo.

Mwaka huohuo wa 1923, mwezi Januari, gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam. Matini yake yalipangwa kwa herufi za kawaida za vitabu, na watu walioyasoma katika mashule, maofisini na barazani hawakuona kwamba wanahitaji herufi za kukatwakatwa ili wajijue kuwa ni Waafrika.

Ilikuwaje basi herufi ya Offenbach ikapewa uraia wa bara letu? Haikutokea huku. Ilitokea katika nchi za ng'ambo, hasa Marekani, ambako Neuland ilitumiwa kwanza katika matangazo ya biashara ya kila namna, kisha wachapishaji wakaizoea kuiweka katika majalada ya vitabu vinavyohusu Afrika na Wamarekani weusi, na wengine wakaiweka katika vibao vya bustani za wanyama na vipeperushi vya safari. Fikra iliyofichika humo si ngumu kuitambua. Kingo zilizokatwakatwa zilidhaniwa kufanana na mti uliochongwa. Mti uliochongwa ulidhaniwa kuwa alama ya mambo ya kale na ya porini. Na mambo ya kale na ya porini yakadhaniwa kuwa ndiyo Afrika. Ushahidi wa fikra hiyo tunaupata mahali pasipo Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1993 ilipotolewa filamu ya Jurassic Park, inayohusu mijusi mikubwa ya zama za kale iliyofufuliwa na wanasayansi, nembo yake iliandikwa kwa herufi zilizotokana na Neuland. Herufi moja ikawatosha mijusi na Waafrika. Kinachowaunganisha hawa wawili katika akili ya msanifu si sanaa ya Afrika, bali ni dhana ya pori.

Hali ni hiyohiyo kwa Lithos, fonti iliyosanifiwa na Carol Twombly kwa kampuni ya Adobe mwaka 1989. Chimbuko lake ni maandishi ya Wagiriki wa kale yaliyochongwa katika mawe, nayo pia imetumiwa mara nyingi kama kwamba ni alama ya Afrika. Ugiriki na Ujerumani zimetoa herufi, na sisi tumepewa lawama ya ukali wake.

Mtu asidhani kwamba hili ni jambo la fahari tu. Jalada ni neno la kwanza analolisikia msomaji kutoka kwa kitabu. Mwandishi wa Afrika aweza kuandika riwaya juu ya mwanasheria wa mjini anayegombana na dhamiri yake, jalada likavikwa herufi za porini, na msomaji wa ng'ambo akaifungua akitafuta simba. Asipowakuta ataona amedanganywa, na mwandishi ndiye atakayelaumiwa.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya kiistilahi hasa. Jina “herufi za Kiafrika” lina wenyewe. Maandishi ya Geezi yanatumika Ethiopia na Eritrea. Watu wa kaskazini mwa bara wanayo maandishi ya Tifinagh. Katika miaka ya 1830, Momolu Duwalu Bukele wa Liberia alibuni maandishi ya lugha ya Kivai. Mwishoni mwa karne ya 19, Mfalme Njoya wa Bamum, nchini Kamerun, aliongoza kubuniwa kwa maandishi ya watu wake. Mwaka 1949 Solomana Kanté alibuni maandishi ya N'Ko kwa ajili ya lugha za Kimande za Afrika Magharibi. Msanifu wa Zimbabwe, Saki Mafundikwa, alichapisha mwaka 2004 kitabu kizima kuhusu maandishi ya namna hii. Tukimpa Mjerumani wa Offenbach jina la “herufi za Kiafrika”, kazi ya Bukele, ya Njoya na ya Kanté tutaiitaje? Istilahi haiwezi kubeba mizigo miwili inayogombana, na hapa mwenye haki anajulikana.

Yupo atakayesema kwamba istilahi hufuata mazoea, na kwamba soko limekwisha kulitumia jina hilo. Ni kweli kwamba kazi ya mwanaistilahi ni kusikiliza kabla ya kubuni. Lakini kusikiliza mazoea si kuyapigia muhuri hata yanapodanganya. Njia nyepesi ipo: Neuland iitwe Neuland, Lithos iitwe Lithos, na zinazofanana nazo ziitwe herufi za mkato wa patasi. Msanifu anayezitaka atazipata kwa majina hayo bila shida. Herufi zenyewe hazina hatia. Koch alizichonga vizuri, na bango la maonyesho ya uchongaji laweza kupendeza kwazo.

Kiswahili kinadai nini

Baada ya kuhakiki majina, tuseme neno juu ya uchaguzi wenyewe, kwa sababu wengi wa wasomaji wetu ndio wanaoagiza mabango, vyeti na majalada. Sampuli za fonti nyingi hutayarishwa kwa maneno ya Kiingereza. Fonti inayopendeza katika sampuli hiyo yaweza kushindwa inapokutana na Kiswahili, kwa sababu tatu zifuatazo.

Kwanza, vitenzi vyetu ni virefu. Neno watakaosajiliwa lina herufi 15, na Kiingereza husema habari hiyo kwa maneno matano mafupi. Kiingereza chaweza kuyagawa maneno hayo katika mistari miwili. Sisi hatuwezi kulivunja neno moja bila kumsumbua msomaji. Fonti pana yenye madaha itamlazimisha mpiga chapa kupunguza ukubwa hadi neno liingie, na ukubwa ukishapungua, faida ya bango imepotea. Kwa hiyo, aghalabu tunahitaji fonti iliyobanwa kwa upana lakini isiyokonda kwa unene.

Pili, herufi a hurudi mara nyingi mno katika lugha yetu. Katika neno hilo hilo imo mara tano. Fonti iliyopambwa hujivunia umbo lisilo la kawaida la A, na umbo hilo likitokea mara moja laweza kufurahisha. Likitokea mara tano katika neno moja, na mara 20 katika sentensi, linageuka kelele. Yeyote anayepima fonti kwa ajili ya Kiswahili na aipime kwanza kwa A, kisha kwa K, W na M.

Tatu, ziko tofauti ndogo zenye maana kubwa. Ng'oa ni kutoa kwa nguvu kitu kilichoshikilia, na ngoa ni wivu au tamaa. Kinachotenganisha maneno haya ni king'ong'o kinachoonyeshwa na alama moja ndogo ya juu. Ziko fonti za madaha ambazo alama hiyo haimo kabisa, au ni hafifu mno, au inafanana na jani lililoanguka kutoka katika herufi iliyotangulia. Ziko fonti zisizo na vikia ambazo I kubwa na l ndogo hazitofautiani, hata jina Ilala likawa kama vijiti viwili vikifuatwa na herufi za kusomeka. Na ziko zile, kama za bango la zahanati, ambazo 1 na 7 ni mapacha.

Kwa hiyo tunawashauri watumishi wanaoagiza kazi za namna hii wafanye jaribio lisilohitaji utaalamu. Wasiichague fonti kwa kutazama alfabeti. Waombe yapangwe maneno yaleyale yatakayochapishwa, pamoja na tarehe na saa, wayabandike ukutani, wasogee nyuma hatua kumi, kisha wamwite mtu ambaye hajaiona habari hiyo, na ikiwezekana awe mzee, ayasome kwa sauti. Akisita mahali, fonti ibadilishwe, wala mzee asilaumiwe kwa macho yake. Wakumbuke pia kwamba sentensi ndefu iliyopangwa yote kwa herufi kubwa huchosha, na kwamba bango moja halihitaji fonti zaidi ya mbili.

Istilahi tunazozipendekeza

Kwa herufi za kundi la kwanza, tunapendekeza “herufi za matini”. Tulilifikiria jina “herufi za kusomea”, tukaliacha, kwa sababu herufi zote ni za kusomea, na bango lisilosomeka si bango.

Kwa kundi la pili, tulipima majina manne. “Herufi kubwa” lina kazi nyingine tayari, na haliwezi kutumiwa bila kuchanganya. “Herufi za bango” ni jina fupi na zuri, lakini linaacha nje jalada la kitabu, kibao cha duka na kopo la bidhaa. “Herufi za maonyesho” ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka lugha ya kigeni, na Mswahili akilisikia atadhani ni herufi zilizopelekwa Sabasaba. Lililobaki ni “herufi za kutangazia”. Jina hili limeundwa kwa kauli ya kutendea, ambayo Kiswahili huitumia kwa vyombo vya kazi: sufuria ya kupikia, kalamu ya kuandikia, shoka la kupasulia kuni. Linataja kazi, halitaji urembo. Jalada hutangaza kitabu, kibao hutangaza duka, bango hutangaza chanjo. Dosari yake ni urefu, nasi tunaikubali dosari hiyo kuliko ufupi unaopotosha.

“Herufi zilizopambwa” libaki kuwa jina la tawi lile linalostahili kuitwa hivyo. “Fonti” limekwisha kuzoeleka katika matumizi ya kompyuta, na hatuoni sababu ya kuliondoa. “Maandishi ya Kiafrika” litumike kwa Geezi, Tifinagh, Kivai, Bamum, N'Ko na mengineyo ya asili hiyo. Na “herufi za Kiafrika”, kwa maana ya fonti za kuigiza pori, lisitumike kabisa.

Haya ni mapendekezo. Tunawakaribisha watafsiri, walimu na watumishi wa serikali watuletee maoni yao, hasa wale wanaofanya kazi na wapiga chapa kila siku, maana huenda viwandani kuna neno bora ambalo halijafika mezani petu. Kwa sasa, wenye nakala za rasimu ya zamani tunawaomba waipige mstari istilahi “herufi za mapambo” katika fungu la mabango, na juu yake waandike kwa mkono “herufi za kutangazia”. Waandike kwa hati inayosomeka.